Irish Wolfhound: mbwa mrefu kuliko wote, ila usimchukue kwa ajili ya ulinzi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi ndo mnalolitaka: hapana, Irish Wolfhound sio mbwa wa ulinzi. Ndiyo ni mkubwa, ndiyo akisimama kwa miguu ya nyuma akakuwekea ya mbele mabegani anakuangalia kutokea juu, ndiyo akibweka mara moja tu jirani wote wanajua kuna mbwa, lakini mwizi akishaingia getini na kumsemesha kwa upole huyo mbwa atamfuata, atamnusa mifukoni halafu atamwegemea apapaswe. Mi naishi nae huku Ireland, kaunti ya Kildare, na kazi yangu pia ni kutunza mbwa wa watu wakisafiri, hivo wolfhound wamepita mikononi mwangu wengi tu, wazima na wagonjwa, wazee na watoto, na ndugu zangu wa Arusha na Dar kila nikituma picha swali ni lile lile, "dada huyo si umlete huku alinde nyumba?" Basi hii rivyu ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayefikiria kumchukua, awe huku Ulaya, awe Marekani, au anataka kumpeleka nyumbani.

Kwanza tuelewane ni mbwa wa aina gani. Kuna mbwa wanaowinda kwa pua, wanafuata harufu ardhini taratibu, na kuna wanaowinda kwa macho, yani anaona kitu kimejongea mbali kule halafu anakitoka mbio mpaka akikamate. Wolfhound yuko kundi hilo la pili, ukoo mmoja na Greyhound wa mashindano, Saluki wa Waarabu, Borzoi wa Urusi na Deerhound wa Scotland, na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limewaweka wote kundi la 10. Ukiwapanga hawa wote utaona umbo ni moja: kichwa kirefu chembamba, shingo ndefu, kifua kimeshuka mpaka usawa wa viwiko, tumbo limepanda juu, miguu mirefu. Kile kifua kina moyo mkubwa na mapafu makubwa, na wakikimbia kwa kasi yote kila mzunguko wa hatua una sehemu mbili ambapo miguu yote minne iko hewani, mara moja ikiwa imekunjwa chini ya tumbo na mara moja ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Ukiwaona wawili wakikimbizana kwenye uwanja mpana utasahau ulichotoka nyumbani kufanya.

Sasa wolfhound mwenyewe. Picha zinadanganya, ukikutana nae uso kwa uso ni habari nyingine. Manyoya yake ni magumu, ukipitisha mkono mgongoni yanakwaruza kama katani, ila pembeni ya masikio ni laini kabisa na ndo sehemu anayopenda kushikwa. Juu ya macho manyoya ni marefu yanamwangukia usoni, chini ya taya ana ndevu, na macho yenyewe ni meusi yenye upole fulani ambao sijauona kwa mbwa wengine. Masikio ni madogo kwa ule mwili, ameyakunja kwa nyuma. Mkia mrefu, unashuka halafu unapinda kidogo juu kwenye ncha. Rangi zipo kijivu (hii ndo watu wengi wanaijua), za michirizi, nyekundu ya kahawia, nyeusi, nyeupe kabisa, na ile ya mchanga. Wangu ni wa mchanga, anaitwa Bran, jina ambalo huku utalikuta kwa mbwa wengi sana maana Bran na Sceolan ndo walikuwa mbwa wa shujaa Fionn mac Cumhaill kwenye hadithi zao za kale, watoto wanasimuliwa shuleni.

Zile ndevu niziseme vizuri kwa sababu hakuna muuzaji atakayekuambia. Akinywa maji ndevu zote zinazama kwenye bakuli, akiinua kichwa maji yanadondoka kutoka jikoni mpaka sebuleni, na yeye baada ya kunywa ndo anakumbuka kwamba anakupenda hivo anakuja kukuwekea kidevu mapajani. Mi taulo liko limetundikwa pembeni ya bakuli muda wote, na akimaliza kunywa anasubiri afutwe, ameshajifunza. Kama wewe ni mtu wa sakafu kavu na sofa nyeupe huyu mbwa utagombana nae kila siku.

Ukubwa. Kiwango cha FCI kinasema dume asipungue sentimita 79 begani na kilo 54.5, jike sentimita 71 na kilo 40.5, na hapo ni chini kabisa, wanachokitaka hasa kwa madume ni wastani wa sentimita 81 mpaka 86. Wamarekani kwao dume anaanzia inchi 32, ambazo ni kama sentimita 81. Hizo zinapimwa begani, kichwa hakijahesabiwa. Meza nyingi za kulia chakula ni kama sentimita 75, sasa piga hesabu mwenyewe, huyu mbwa haruki juu ya meza, anapita tu pembeni akiwa amesimama kawaida na kichwa chake kiko juu ya sahani yako. Chapati zikae juu ya friji. Kuna watu hubisha kwamba Great Dane ndo mrefu, na ni kweli rekodi ya Guinness ya mbwa mmoja mmoja ilishikwa na Great Dane, yule Zeus wa Michigan alikuwa na sentimita 111.8, ila ukichukua mbegu nzima kwa wastani wolfhound ndo anatajwa kuwa mrefu kuliko wote. Kwa uzito wapo wanaomzidi, English Mastiff anamwacha mbali, maana wolfhound pamoja na urefu wote ule ni mwembamba, ukimlowesha kwenye kuoga unashangaa mbwa mwenyewe ameenda wapi.

Mkia huo nilioutaja uko usawa wa vikombe vya chai kwenye meza ndogo. Na hauangalii. Akifurahi unapiga ukuta mpaka ncha inachubuka na damu inatapakaa ukutani, na kidonda cha ncha ya mkia kwa hawa mbwa kinachukua muda kupona kwa sababu kila kikikauka anafurahi tena. Nyumba ya korido nyembamba haimfai.

Gari nayo ni ya kuangalia. Buti ya gari ndogo haingii, kwenye siti ya nyuma anakaa ila kichwa kinakuwa begani kwa dereva. Sisi tulihamia kwenye gari la buti ndefu kwa ajili yake tu. Kitanda pia, kile kinachoandikwa "kikubwa zaidi" dukani anakitosha kiwiliwili, miguu na kichwa vinabaki chini, na hilo sio suala la anasa, mbwa huyu mzito akilala sakafu ngumu viwiko vinaota sugu na vinavimba maji, daktari wa mifugo atakuambia hivo hivo, kwa hiyo mnunulie godoro la mtu, la ukubwa wa mtoto wa shule, nene, ulivalishe kava linalofulika. Ndo ushauri wa bei rahisi kuliko wote nilionao.

Tuingie kwenye tabia, maana hapa ndo napenda kukaa. Ukubwa ndo unawavuta watu lakini ukweli unachokichukua ni tabia, na hapo nampa nyota tano bila kusita. Kuna msemo wa siku nyingi kuhusu hawa mbwa kwamba ni mpole akipapaswa na mkali akichokozwa, huo upande wa kwanza nimeushuhudia kila siku, upande wa pili sijauona kwa mbwa yeyote niliyemtunza. Ndani ya nyumba analala. Analala sana. Asubuhi anatoka, anatembea, akipata uwanja anatimua mbio za dakika chache za kufa mtu, halafu anarudi anajitupa chini na hapo mpaka mchana hutamsikia. Hana ile hangaika ya mbwa wa kuchunga kondoo ambao usipowapa kazi wanakula viatu. Mgeni akija anaamka taratibu, anaenda kumnusa, kisha anamwegemea pajani na uzito wake wote, ndo salamu yake hiyo, sasa kama mgeni ni bibi wa miaka themanini mwambie akae kwanza kabla hujafungua mlango wa sebule.

Watoto anawavumilia kupita kiasi. Jirani yetu ana mtoto anayejifunza kutembea, alikuwa anajivuta kwa kushika manyoya ya Bran ya kifuani asimame, na Bran anakaa kimya amekaza miguu mpaka mtoto apate balansi. Ila nisisitize, mtoto mdogo na mbwa mkubwa hawaachwi peke yao hata siku moja, sio kwa sababu ya ukali, ni kwa sababu akigeuka tu ghafla anamwangusha mtoto na wala hajui kama amemwangusha.

Anaumia moyo upesi. Huyu sio mbwa wa kufokewa. Ukipandisha sauti anashusha kichwa, anaondoka, anaenda kulala chumba kingine akiwa amekupa mgongo, na hilo somo ulilotaka kumfundisha limeishia hapo. Kwa sauti ya chini na kipande cha jibini atakufanyia mengi, japo usitegemee utii wa German Shepherd, wolfhound ukimwita anakusikia, anafikiria, halafu anakuja kwa mwendo wake. Na upweke hauwezi kabisa. Mbwa wa hivi ukimfungia bandani nje peke yake na kumtembelea wakati wa chakula unamdhoofisha, anakosa hamu ya kula, analia. Anataka awe chumba ulichopo, basi. Wateja wangu wakiniachia wolfhound siwalazi kwenye mabanda na wengine, wanalala ndani, na gharama naiweka sawa na hiyo.

Kuna kitu kimoja tu kinachobadilisha huu upole wote, nacho ni kitu kinachokimbia. Sungura, paka wa jirani, swala wa huku, kondoo, hata mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo. Hapo ule mwili uliokuwa umelala unaamka wote kwa mara moja, kichwa kinapanda, macho yanakaza, na ukiwa hujashika kamba vizuri umeshaanguka. Hasikii tena jina lake, sio kiburi, ni damu, karne na karne amefugwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuona na kufuata bila kusubiri amri. Huku kwetu kuna uwanda wa Curragh, eneo kubwa la nyasi wazi ambalo mtu yeyote angedhani ndo pepo ya wolfhound, lakini kondoo wanachungwa mle mle, na sheria ya Ireland ya udhibiti wa mbwa ya mwaka 1986 inampa mfugaji kinga akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo yake. Kwa hiyo mi simwachii hapo hata iweje. Namwachia kwenye shamba la rafiki lenye uzio kamili, na uzio wenyewe uwe umemzidi mtu kimo. Kama huna eneo lenye uzio, au huna mtu mwenye nalo, acha kwanza.

Na hapo utaona kitu cha kushangaza. Serikali ya Ireland ina orodha ya mbwa wanaotakiwa kufungwa mdomo na kushikwa kamba fupi wakiwa mahali pa watu, wamo German Shepherd, Rottweiler, Dobermann, hata Rhodesian Ridgeback, lakini mbwa mrefu kuliko wote hayumo. Leseni yake ni yuro 20 tu kwa mwaka sawa na ya kijibwa cha kubeba mkononi, na kuwekewa chipu ni lazima kwa wote.

Wanajeshi pia wanamjua. Kikosi cha Irish Guards cha jeshi la Uingereza kina wolfhound wake tangu mwaka 1902, wa kwanza aliitwa Brian Boru, na mpaka leo kila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mbwa wa kikosi anavalishwa koti lake jekundu na kuvikwa tawi la shamrock (kile kimmea cha majani matatu, alama ya Ireland) mbele ya watu wote. Mbwa anatembea mbele ya mamia ya wanajeshi na bendi inapiga ngoma nyuma yake na yeye ametulia. Mbwa wengine wa ukubwa huo wangekuwa wameshachanganyikiwa.

Historia kidogo, maana inawahusu wanunuzi. Kuna wauzaji wanakuambia huyu ni mbwa wa damu ile ile ya miaka elfu mbili haijaguswa. Sio kweli hivo. Mbwa wakubwa wa visiwa hivi walijulikana zamani, hilo ni kweli, mwishoni mwa karne ya 4 kigogo mmoja wa Roma, Symmachus, aliyekuwa konsuli mwaka 391, alimwandikia ndugu yake kumshukuru kwa mbwa 7 aliomletea kwa ajili ya michezo na akasema Roma nzima iliwashangaa, watu wakadhani lazima waliletwa kwenye vizimba vya chuma. Baadaye kazi yao ikawa mbwa mwitu (wale wa Ulaya wa kijivu, sio hawa wetu wa madoa wa Selous), na wakawa zawadi ya wafalme mpaka mwaka 1652 utawala wa Cromwell, yule jenerali wa Kiingereza aliyeiteka Ireland, ukapiga marufuku kuwatoa Ireland kwa sababu mbwa mwitu walikuwa wamezidi na wa kuwawinda wanaondoka. Halafu mbwa mwitu wakaisha, wa mwisho anatajwa kuuawa mwaka 1786 kaunti ya Carlow, na mbwa asiye na kazi hakuna wa kumlisha, wakabaki wachache sana. Aliyewarudisha ni Kapteni George Augustus Graham, Mskoti aliyekuwa akiishi Dursley kule Gloucestershire, kuanzia miaka ya 1860 alikusanya mabaki aliyoyapata akayachanganya na Deerhound, Great Dane, Borzoi na wengineo, na mwaka 1885 klabu ya Irish Wolfhound ikaanzishwa. Kwa hiyo huyu tuliyenae leo ni kazi ya mikono ya watu, wamemjenga upya, na kwa maoni yangu walifanya kazi nzuri, wamepata umbo la yule wa kwenye hadithi na moyo unaoweza kuishi ndani ya nyumba na watu. Ila ukisikia muuzaji anapandisha bei kwa ajili ya damu ya kale mwache aendelee kuongea.

Sasa chakula na ukuaji. Kitoto kinazaliwa hakijafika hata kilo moja, na miezi sita baadaye kinakaribia uzito wa mtu mzima mwembamba. Jamani hiyo ni kasi ya ajabu, na mifupa inajengwa kwenye hiyo kasi, ndo maana mwaka wa kwanza ndo mgumu kuliko yote. Usimlishe anenepe haraka upate sifa, nenda na chakula cha mbwa wa mbegu kubwa, cha kipimo, na usimwongezee unga wa kalsiamu bila daktari maana unaharibu mifupa badala ya kuisaidia. Ngazi apande chache, kuruka kutoka kwenye gari hapana, mnyanyue au mwekee ubao ateremke, na matembezi marefu yasubiri. Mpaka amalize kukua ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Huyo kijana wa miezi nane ana mwili wa jitu na akili ya mtoto, miguu anaikanyaga mwenyewe, anajigonga kila mahali, na hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wanamtafutia nyumba nyingine. Mvumilie hapo tu.

Mkubwa analishwa mara mbili kwa siku au zaidi, sio mlo mmoja mkubwa, na baada ya kula anapumzika, hakuna mbio. Sababu ni ile kifua kirefu, tumbo linaweza kujaa gesi na kujizungusha, na likijizungusha una saa chache tu kumfikisha kwa upasuaji la sivyo anakufa. Dalili zake kila mwenye mbwa huyu azijue kwa kichwa: anajaribu kutapika hakitoki kitu, mate yanamtoka, anahangaika hakai, tumbo limekaza. Ukiona hivo usisubiri asubuhi. Kuna upasuaji wa kulishikiza tumbo mapema lisizunguke, wengi wanaufanya, na mi naunga mkono.

Hapo sasa tumefika kwenye nyota mbili. Afya. Irish Wolfhound anaishi muda mfupi, miaka sita mpaka nane ndo kawaida, akifika kumi ni mzee wa kusherehekewa. Ugonjwa wa moyo unawasumbua sana, misuli inalegea moyo unapanuka na mapigo yanavurugika, na saratani ya mfupa nayo inawamaliza, unaanza kuona anachechemea mguu mmoja unadhani amejikwaa kumbe siyo. Vitoto vingine vinazaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini bila kusafishwa, ndo maana brida (mzalishaji wa mbwa) makini anawapima damu kabla hajawatoa. Na wakienda upasuaji wowote daktari ajue anashughulika na mbwa wa jamii ya Greyhound, mafuta mwilini ni kidogo, dawa za usingizi baadhi zinakaa mwilini mwao muda mrefu kuliko mbwa wengine, kuna daktari huku tulifika mbwa wa mteja akiwa na dharura akawa anapiga hesabu ya dozi kwa kilo tu, ikabidi niongee mpaka akampigia mwenzake mwenye uzoefu na hawa. Usione aibu kuongea. Wewe ndo sauti ya mbwa.

Nimewazika wa wateja niliowalea tangu wana meno ya utoto. Inauma, na inauma zaidi kwa sababu unajua mapema kwamba itakuja upesi. Wenzangu wengine huku wanasema haiwahusu, wanachukua mwingine, na wengine wanasema basi sirudii. Mi nitarudia, ila nisingependa mtu aingie bila kulijua hili, hasa kama ana watoto wa shule ya msingi, maana mtoto wa miaka sita atakuwa hajafika hata sekondari ya juu na rafiki yake ameshaondoka.

Bima chukua siku ya kwanza kabla hajaugua chochote, na dawa zote zinapimwa kwa uzito kwa hiyo kila kitu chake ni bei ya mbwa watatu, dawa za minyoo, za kupe, chakula, kulazwa.

Haya nyumbani sasa. Nimezaliwa Arusha, najua baridi ya Juni kule, kwa hali ya hewa ya Arusha, Njombe, Limuru au Eldoret anaweza akaishi ukimtunza vizuri, kivuli, maji, matembezi ya alfajiri na jioni. Dar, Tanga, Mombasa, hapana. Mbwa mkubwa vile mwenye manyoya ya mvua za Ireland kwenye joto na unyevu wa pwani unamtesa, atashinda sakafuni anahema. Na hata huko kwenye baridi swali linabaki, nani atampima moyo kila mwaka kwa mashine, nani atampasua tumbo saa nane usiku? Kama huna jibu la jina na namba ya simu subiri. Kwa ulinzi chukua mbegu zilizozoeleka huko na madaktari wanaozijua, na mlinzi wa kibinadamu, wolfhound mwache alale. Wenzetu mlioko Muscat, Dubai na kwingineko Ghuba mnaopenda mbwa wa jamii hii ya kuwinda kwa macho, mnae wenu hapo hapo, Saluki, mwepesi, wa sentimita 58 mpaka 71, mwenye manyoya mafupi ya kuvumilia jua, Mabedui wamewinda nae tangu zamani na Abu Dhabi kuna kituo kizima cha Saluki wa Kiarabu. Ana haya kwa wageni na sio wa kujiegemeza kwa kila mtu, lakini ni mbwa wa mahali hapo.

Kwa aliyeamua: usinunue kwa picha. Nenda nyumbani kwa brida, tena nenda siku ya mvua, mbwa wote wakiwa ndani wamelowa, ndo utajua harufu, tope na nafasi wanayochukua. Omba kumwona mama wa vitoto na umshike, mama mwenye woga atakupa watoto wenye woga. Omba karatasi za vipimo vya moyo vya wazazi wote wawili, na uulize mababu walikufa wakiwa na umri gani na kwa ugonjwa gani, anayejibu bila kukwepa huyo ndo wa kuongea nae bei, anayekwambia "kwangu hawaugui" vaa viatu uondoke. Na kama mwaka wa kwanza unakutisha, wasiliana na klabu za wolfhound za nchi uliyopo uulizie mkubwa anayetafutiwa nyumba mpya, wapo, wengine mwenye nae amezeeka au amehamia fleti, unampata ameshamaliza kukua, ameshajua kukojoa nje, na wiki chache tu za kulala chumba kimoja na wewe zinatosha akuhesabu kuwa wake.